Namba za kukodi za kupokelea msimbo: kabla hujaiweka kwenye akaunti yako, soma yaliyonikuta

mtafsiri_wa_usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki naona mtu anauliza humu: "Nipeni sehemu ya kupata namba ya Marekani ya kupokelea msimbo," yaani zile tarakimu za kuthibitisha akaunti zinazotumwa kwa SMS. Majibu yanamiminika, viungo vitano sita, muulizaji anashukuru na uzi unaishia hapo. Sijaona hata mmoja aliyerudi baada ya mwaka kueleza akaunti yake ilifikia wapi. Mimi nimerudi.

Mwaka 2023 nilikuwa natafuta kazi za kutafsiri na kuandika maneno ya rekodi za sauti. Nikapata tovuti inayolipa vizuri, ila ukifika sehemu ya namba ya simu, +255 haimo kwenye orodha yao. Jamaa yangu akanielekeza pa kukodi namba ya Marekani. Nililipa chini ya dola moja, namba ikatokea, nikaijaza, na haikupita nusu dakika msimbo wa tarakimu sita ukaingia. Nikafanya kazi mwaka mzima, malipo yanakuja kama kawaida, namba yenyewe nikaisahau kabisa.

Jioni moja nikaibiwa simu kwenye daladala, Buguruni. Kesho yake nikanunua nyingine, nikarudisha laini, barua pepe ikafunguka, WhatsApp ikarudi. Nikaja kwenye akaunti ya kazi. Neno la siri nimeweka sahihi. Skrini ikaniandikia: tumetuma msimbo kwenye namba inayoishia na 47. Chini yake sekunde zinarudi nyuma, 59, 58, 57. Nilizitazama mpaka zikaisha. Hiyo namba ya 47 nilikuwa nayo kwa dakika ishirini tu, tena mwaka uliopita.

Nikarudi kule nilikokodi, namba haipo kwenye orodha. Nikaandikia tovuti ya kazi, wakanijibu kwa heshima tu: leta uthibitisho kwamba namba ni yako, ankara au mkataba wa mtandao wa simu. Ningeupata wapi? Ndani kulikuwa na dola 140, kazi ya wiki tatu. Zimebaki huko mpaka leo.

Sasa nieleze ninavyoelewa mambo haya yanavyokwenda, maana baada ya kupoteza nilikaa chini kujifunza.

Ukibonyeza "tuma msimbo", kampuni yenye akaunti yako kwa kawaida inaukabidhi ujumbe kwa kampuni ya kati inayosambaza SMS. Hiyo inaufikisha kwenye mtandao wenye namba husika, na mtandao unatafuta laini yako iko wapi. Mwisho wa safari ni kile kipande kidogo chenye chipu. Hapa kwetu, tangu Mei 2019, kipande hicho kinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo hata ukikipoteza unaenda dukani, unaweka kidole, namba yako inarudi.

Namba ya mtandaoni, kama ile niliyokodi, haina laini. Safari ya ujumbe inaishia kwenye kompyuta ya anayekukodisha, yeye ndiye anausoma kwanza, halafu anakuonyesha wewe. Muda wako ukiisha anampa mwingine. Hakuna duka utakaloenda kuweka kidole.

Na haya mambo hayafanani yote. Kuna zile za bure, namba imewekwa wazi na ujumbe unasomwa na kila anayefungua ukurasa. Kuna za kukodi kwa dakika kumi au ishirini, kama yangu. Kuna za kulipia kila mwezi, hizo unabaki nazo ilimradi unalipa. Na kuna Google Voice, huduma ya namba za mtandaoni ya Google, ambayo kwa akaunti ya kawaida ni ya mtu aliyeko Marekani mwenye namba ya huko tayari ya kuiunganisha. Hata hiyo ukiiacha bila kuitumia miezi mitatu inaweza kuchukuliwa. Mtu akikuuzia Google Voice ukiwa Mbagala, jiulize ni nani aliyeifungua na barua pepe ya kuirudisha anayo nani.

Swali langu la siku hizi kabla ya kuweka namba yoyote popote ni moja: siku simu yangu ikipotea, msimbo utaenda kwa nani?

---

Fundi wa Msimbazi

Mkuu pole kwa yaliyokukuta, lakini usiwatishe watu. Mimi ni fundi simu, nimewafungulia wateja akaunti nyingi kwa hizo namba za bure. Mtu anataka aone programu inafanya kazi, msimbo unaingia, anaondoka na furaha yake. Sijawahi kurudishiwa lawama.

---

mtafsiri_wa_usiku

Fundi, nashukuru umeongea wazi. Naomba ufanye jambo moja nililofanya mimi jana usiku. Fungua mojawapo ya hizo kurasa za bure, chagua namba, halafu kaa utazame dakika kumi bila kugusa kitu.

Mimi nilichagua namba ya Uingereza. Dakika ya kwanza ukaingia msimbo wa programu ya uchumba. Wa pili ulikuwa wa duka la mtandaoni. Ukaja wa kubadilisha neno la siri, siyo wa kufungua akaunti mpya, wa kubadilisha neno la siri! Maana yake kuna mtu duniani, wakati ule ule, ama alikuwa anajaribu kurudi kwenye akaunti yake, ama mwingine alikuwa anaingia kwenye akaunti isiyo yake. Msimbo upo mbele ya macho yangu mimi nisiyemjua, niko kitandani Dar. Ningetaka ningeutumia.

Hao wateja wako hawajarudi kulalamika kwa sababu siku akaunti inapotea hawakumbuki nani aliwafungulia. Kama wanajaribu tu programu, sawa. Kama wanaweka humo picha za watoto na mazungumzo ya biashara, waambie.

---

Fundi wa Msimbazi

Nimeangalia. Nimeona hata ujumbe wenye jina kamili la mtu na namba ya oda yake. Hili sikulijua, kusema kweli nilikuwa nasoma msimbo wangu na kufunga ukurasa. Kuanzia sasa anayetaka akaunti ya kudumu namwambia aje na laini yake.

---

Mlima Meru

Wakuu, mimi naongoza watalii Arusha. Nilitaka namba ya +44 kwa ajili ya WhatsApp ya biashara ili wageni wa Uingereza waniamini. Nimelipia mbili tofauti, zote zimekataliwa. Moja inasema imeshatumika, nyingine inasema niweke namba halali. Hela imekwenda. Kwa nini inakataa wakati namba ni nzima?

---

mwandishi_programu

Hapo ngoja nijibu mimi, ni kazi yangu.

Kampuni nyingi zikipokea namba zinaiuliza kwanza hifadhidata: hii ni ya simu ya mkononi, ya mezani, au ya mtandaoni? Ikitoka ya mtandaoni, baadhi zinakataa palepale. Chimbuko lake si chuki. Msimbo ulitumwa ili kuthibitisha kwamba umeshika kifaa fulani mkononi. Namba ya mtandaoni haithibitishi hilo, maana inafunguka kwenye kompyuta yoyote yenye neno la siri. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliandika hivyo kwenye mwongozo wake wa mwaka 2017: njia isiyothibitisha kushika kifaa mahususi, namba za mtandaoni zikiwemo, isitumike kuthibitisha mtu kwa namna hiyo. Mwongozo huo huo haukuisifia hata SMS ya kawaida, uliiweka kwenye kundi la njia zenye masharti.

Ile iliyosema imeshatumika ni rahisi zaidi: walioikodi kabla yako waliifungulia akaunti.

Na nisiwe mnafiki, namba za mtandaoni zina kazi zake halali. Sisi tunazitumia kujaribu mifumo kabla ya kuitoa kwa watu. Kampuni inayohudumia wateja wa nchi tatu inaweza kulipia namba ya kila nchi na simu zote zikapokelewa ofisi moja. Hapo mwenye namba anajulikana na mkataba upo.

---

mtafsiri_wa_usiku

Mlima Meru, niongeze kitu. Mgeni anayekuja Ngorongoro anatafuta mtu aliyeko Arusha. +255 ndiyo inayomwambia kwamba upo huku, ukimjia na +44 halafu unamwambia uko Sakina, hapo ndipo atakapoanza kujiuliza. Kama unataka kutenganisha biashara na nyumbani, WhatsApp ya biashara inakubali hata namba ya simu ya mezani, unachagua kupigiwa badala ya SMS, sauti inakusomea msimbo. Kama ofisini mna simu ya mezani, jaribu hiyo kabla hujatoa hela nyingine.

---

Mwana wa Eldoret

Habari zenu kutoka Kenya. Mimi nina kisa kinachoenda upande ule mwingine. Nilinunua laini mpya hapa mjini, nikaisajili kwa kitambulisho changu, kila kitu sawa. Wiki ya kwanza nikaanza kupokea ujumbe wa chama cha akina mama, halafu salio la benki la mtu, halafu msimbo wa kuingia kwenye Facebook. Kumbe namba ilikuwa ya mama mmoja aliyeiacha. Nilimtafuta kupitia mweka hazina wa kile chama mpaka nikampata, akaenda benki akabadilisha. Kwa hivyo hata laini halisi yaweza kukugeuka ukiiacha.

---

mwandishi_programu

Ubarikiwe kwa kumtafuta, wengi wangejaribu kuingia.

Ulichoona kimepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walitoa kazi mwaka 2021, walichukua namba 259 zilizokuwa zinatolewa kwa wateja wapya wa mitandao miwili mikubwa ya Marekani. Namba 171 kati ya hizo zilikuwa bado zimefungwa kwenye akaunti za wenye nazo wa zamani, kwenye tovuti maarufu. Hizo ni laini za kawaida kabisa, ambazo zinakaa kwanza kabla ya kugawiwa upya. Sasa fikiria namba ya kukodi inayopita mikono mingi kwa siku moja.

WhatsApp wana kinga kidogo hapo, namba ikikaa siku 45 bila kutumika kisha ikawashwa kwenye kifaa kipya, taarifa za akaunti ya zamani zinafutwa. Lakini si kila tovuti inafanya hivyo.

---

Kijana wa Igoma

Wakubwa samahani naingilia. Kuna jamaa kwenye kundi la Telegram anatoa sh. 3,000 kwa kila msimbo. Anachukua namba yako, msimbo unaingia kwako, unamsomea, anakutumia hela. Nimeshafanya mara nne. Hii ina shida?

---

mtafsiri_wa_usiku

Mdogo wangu, acha leo. Nakuandikia kama ningemwandikia ndugu yangu wa tumbo moja.

Hizo namba za kukodi ninazozungumzia zinatoka wapi? Nyingine zinatoka kwenye kompyuta, lakini kwa kuwa za kompyuta zinakataliwa, wafanyabiashara hawa wanatafuta laini halisi. Oktoba 2025 polisi wa Ulaya walivunja genge moja la kukodisha namba kule Latvia. Walikuta mashine 1,200 zenye laini 40,000 zinazofanya kazi, namba za watu wa nchi zaidi ya 80. Kwa mujibu wa Europol, kupitia huduma ile zilifunguliwa akaunti zaidi ya milioni 49, na zikatumika kwenye utapeli wa kila aina. Huyo jamaa wa Telegram anafanya kazi hiyo hiyo, ila badala ya mashine anakutumia wewe.

Tofauti ni kwamba laini yako ina alama za vidole vyako. Akaunti iliyofunguliwa kwa msimbo wako ikimtapeli mama wa watu kule Songea, polisi wakiifuatilia namba hawatamkuta jamaa. Watakukuta wewe Igoma, na sh. 12,000 zako.

Fanya hivi: piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, usizozijua nenda kazifute. Angalia WhatsApp na Telegram zako upande wa vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokitambua. Kama akaunti imefunguliwa kwa namba yako, jaribu kuingia mwenyewe kwa msimbo mpya na kuifunga. Na ukipata ujumbe wa kitapeli, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", upeleke 15040.

---

Kijana wa Igoma

Nimepiga. Zipo tatu zangu na moja siijui kabisa. Kesho naenda dukani kwao asubuhi. Yule jamaa nimemfungia.

---

Dada wa Vitenge

Mimi nawaelewa wanaotafuta namba nyingine, naomba msituone wote wahalifu. Nauza vitenge mtandaoni. Nimeweka namba yangu kwenye tangazo, sasa wanaume wananipigia saa sita usiku. Hawaulizi kitenge. Nilitaka namba ambayo nikiizima imezimika.

---

mtafsiri_wa_usiku

Dada, hilo ni hitaji la kweli kabisa na wala hukosei kulitafutia dawa.

Kwangu mimi dawa yake ni laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina lako, ukaiweka kwenye simu ndogo ya batani au kwenye nafasi ya pili ya simu yako. Saa mbili usiku unaizima. Ila iweke vocha na uipigie mara moja moja isije ikalala na kufungwa. Ni yako, ikipotea unairudisha kwa kidole. Ukiwa Telegram unaweza kuweka namba isionekane na mtu yeyote, wateja wakakupata kwa jina la mtumiaji. Signal nao tangu mwaka 2024 wana jina la mtumiaji na namba haionekani. WhatsApp ndiyo ngumu kwa biashara, unayemwandikia kwa kawaida anaiona namba, kwa hiyo hapo weka ile laini ya pili.

---

binti_wa_Temeke, Muscat

Assalam alaykum. Nimesoma uzi wote, nimeogopa. Nafanya kazi Muscat, mwaka wa tatu sasa. Benki yangu iko nyumbani na msimbo unakwenda kwenye laini yangu ya Tanzania, ambayo nilimwachia mtoto wa dada yangu Temeke. Kila nikitaka kutuma hela nampigia, ananisomea. Juzi simu yake ilizima chaji, msimbo ukaisha muda mara tatu, akaunti ikafungwa, na karo ya mwanangu ilikuwa siku ya mwisho. Ndiyo nikaja kutafuta namba ya mtandaoni ya +255. Sasa nifanyeje?

---

mtafsiri_wa_usiku

Wa alaykum salaam dada yangu, pole sana.

Namba ya mtandaoni usiiweke benki, hata ikikubaliwa. Hapo tunazungumzia jasho la miaka mitatu.

Laini yako inaweza kukaa Muscat na wewe. Kwa kawaida kupokea SMS ukiwa nje hakukukati hela, kinachokula ni kupiga, kupokea simu na intaneti. Kwa hiyo ikifika, iweke nafasi ya pili, zima data yake, iache ipokee ujumbe tu. Kabla haijasafirishwa mwambie mtoto aulize huduma kwa wateja kama huduma ya kutumika nje imewashwa, kuna mitandao inataka uiwashe ukiwa bado nchini. Aiwekee na salio. Na kila baada ya muda itumie hata kwa SMS moja, maana laini isiyotumika miezi kadhaa inafungwa, na wewe hutakuwa na duka la kuweka kidole huko.

Kingine, nakuomba usikasirike: yule mtoto hana kosa, lakini anayeshika laini anashika na benki. Iwekee laini yenyewe namba ya siri, ili simu ikiibiwa mwizi asiihamishie kwenye simu nyingine akapokea misimbo.

---

mwandishi_programu

Kwa akaunti zisizo za benki, dada na wengine wote, achaneni na SMS pale inapowezekana. Pakua programu ya kuzalisha misimbo, ile ya Google au nyingine. Unaelekeza kamera ya programu hiyo kwenye mchoro wa mraba (QR) unaoonyeshwa na akaunti yako, mara moja tu, halafu simu yenyewe inatoa tarakimu mpya kila sekunde 30, hata ukiwa porini bila mtandao. Haipiti kwa kampuni ya simu, haipiti kwa mkodishaji. Wakati wa kuiwasha utapewa misimbo ya akiba, hiyo ndiyo itakayokurudisha simu ikipotea.

Na WhatsApp washeni ile hatua ya pili yenye tarakimu sita unazochagua mwenyewe. Ipo kwa watu wote tangu 2017. Mtu akipata msimbo wako wa SMS bado atakwama hapo.

---

mtafsiri_wa_usiku

Misimbo yangu ya akiba nimeiandika kwa kalamu kwenye daftari, liko kabatini pamoja na vyeti vya shule. Nilikuwa nimeipiga picha kwenye simu, nikakumbuka Buguruni.

---

Mlima Meru

Mrejesho: ofisini tuna simu ya mezani, nimechagua kupigiwa, sauti imenisomea msimbo, imekubali mara ya kwanza. Sikulipa hata senti.

---

Kijana wa Igoma

Laini niliyokuwa siijui imefutwa. Dada wa dukani amesema ilisajiliwa siku ile ile niliyosajili yangu kwa wakala wa barabarani. Nakumbuka aliniambia kidole hakijasoma, niweke tena. Niliweka mara tatu.

---

binti_wa_Temeke, Muscat

Wiki mbili zimepita, narudi kuwaeleza. Laini imeletwa na mgeni aliyekuja Jumamosi, ilikuwa imefungwa kwenye leso ndani ya kopo la dagaa. Dakika kama tano haikushika mtandao, nikaizima na kuiwasha, ikashika. Nimeweka namba ya siri ya laini. Jana usiku nimetuma karo ya muhula ujao, msimbo umeingia hapa hapa Muscat nikiwa jikoni, sikumwamsha mtoto wa watu.

Ameniuliza leo, mama mdogo, mbona hupigi tena usiku.